Mkarafuu ukikauka, tusikimbilie shoka



Kila unapokaribia msimu wa kuchuma, simu zinazotoka Unguja na Pemba huwa na habari za namna mbili. Ya kwanza ni ya furaha: mikarafuu imebeba. Ya pili husemwa kwa sauti ya chini, baada ya salamu kwisha: mikarafuu kadhaa ya shamba la urithi imekauka, na ami anauliza la kufanya. Warithi wenyewe wametawanyika. Mmoja yuko Maskati, wa pili yuko Dubai, na wa tatu yuko hapa Uingereza. Basi huanza mashauri ya mbali. Mmoja husema ikatwe yote isije ikaambukiza mingine. Mwengine husema zitumwe fedha ikanunuliwe dawa. Wa tatu husema hilo ni jicho la hasidi. Aghalabu wote watatu huwa wametoa hukumu kabla hata mmoja wao hajauliza mti umekauka kwa namna gani.

Kwa kuwa nilisomesha elimu ya viumbe kwa miaka mingi, swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na jawabu yangu huwa ni swali jengine: umekauka kuanzia wapi? Baadhi ya wanaoniuliza hudhani ninawakwepa. Sivyo. Mkarafuu unaoanza kukauka kwenye tawi moja na mkarafuu unaonyauka wote kwa pamoja ni wagonjwa wawili mbalimbali, wenye maradhi mawili mbalimbali, na linalomfaa mmoja halimfai mwengine. Mmoja unaweza kuokolewa kwa msumeno mdogo. Wa pili hauokoki kwa lolote, na fedha zitakazotumwa kununua dawa yake zitakuwa zimetupwa baharini. Katika makala haya nataka kueleza namna wataalamu wanavyomtambua adui wa mti, na kwa nini utambuzi huo ni wa lazima kabla ya shoka na kabla ya dawa.

KUNGURU JUU YA MZOGA

Wengi wa maadui wa miti na mazao ni kuvu. Kuvu si mimea, kwani hazina rangi ya kijani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wala si wanyama. Ni viumbe wa jamii yao peke yao. Uyoga ni kuvu, ukungu uotao juu ya mkate wa juzi ni kuvu, na hamira tunayotilia maandazi ni kuvu pia. Mwili wa kuvu, kwa nyingi yao, ni nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, zinazotambaa ndani ya udongo, ndani ya jani, au chini ya gome. Huzaa kwa spora, yaani mbegu ndogo mithili ya vumbi, zichukuliwazo na upepo, matone ya mvua, wadudu, na mikono na viatu vyetu wenyewe.

Nyingi katika kuvu hizi zina manufaa. Ndizo zinazoozesha majani yaliyoanguka yakarudi kuwa rutuba, na ziko zinazoishi na mizizi ya miti kwa wema, zikiisaidia kupata chakula ardhini. Chache tu ndizo ziletazo maradhi. Hapo ndipo ilipo taabu ya kwanza ya mtafiti. Mti ukishakufa, kuvu za kila namna hukimbilia maiti yake. Ukibandua gome la mkarafuu uliokauka mwaka jana huenda ukakuta namna tano za kuvu, na zote tano zikawa zimefika baada ya mauti. Kumkuta kunguru juu ya mzoga si ushahidi kwamba kunguru ndiye aliyeua.

KUTUHUMU NA KUTHIBITISHA

Somo hili lilifunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1845 mashamba ya mbatata ya Ireland yalianza kuoza, majani yakigeuka meusi na mbatata zikinuka zikiwa bado ardhini. Kwa kuwa mafukara wa nchi ile walitegemea chakula hicho karibu peke yake, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata, na wengine wapatao milioni moja waliihama nchi yao.

Wakati huo huo wataalamu walikuwa wakibishana. Padri mmoja wa Kiingereza aliyekuwa bingwa wa elimu ya kuvu, Miles Berkeley, aliandika mwaka 1846 kwamba ukungu mweupe unaoonekana chini ya majani yale ndio sababu ya maradhi. Wengi hawakumkubali. Mtaalamu mashuhuri wa mimea, John Lindley, aliona kwamba mvua nyingi na baridi ndizo zilizoudhoofisha mmea, na ukungu umekuja baadaye tu. Kwa maneno mengine, mmoja alisema kunguru ndiye muuaji, na mwengine akasema kunguru amefuata harufu. Mzozo huo haukumalizwa kwa ufasaha wa maneno. Ulimalizwa mwaka 1861, pale Mjerumani Anton de Bary alipochukua spora za ukungu ule, akaziweka juu ya mbatata nzima, akaziona zikiota, zikipenya ndani ya jani na kulitia ugonjwa. Na mimea ambayo hakuiwekea spora ikabaki salama.

Katika elimu ya leo uthibitisho wa namna hii una hatua nne. Kwanza, kuvu inayotuhumiwa lazima ionekane katika kila mti wenye ugonjwa ule. Pili, lazima itolewe ndani ya mti na kuoteshwa peke yake, isiyochanganyika na nyengine, katika kisahani cha agari, ambayo ni rojo iliyoganda itokanayo na mwani. Tatu, ikipandikizwa katika mti mzima, mti huo lazima uugue ugonjwa ule ule, na si mwengine. Nne, ikitafutwa tena ndani ya mti huo ulioambukizwa, lazima ipatikane ile ile. Ikikosekana hatua moja katika hizi, bado tuko katika kutuhumu. Kwa mti mkubwa kama mkarafuu, unaochukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kazi hii yahitaji subira ya miaka.

Jambo moja zaidi kuhusu mbatata. Kiumbe kile cha Ireland, kiitwacho Phytophthora infestans, leo hakihesabiwi tena miongoni mwa kuvu za kweli. Wachunguzi wamegundua kwamba nasaba yake iko karibu zaidi na mwani wa baharini kuliko uyoga. Msomaji aweza kuuliza hilo lamhusu nini mkulima. Lamhusu sana, kwani baadhi ya dawa zinazoziua kuvu za kweli hazikidhuru kiumbe hiki hata kidogo. Jina likikosewa, na dawa hukosewa.

VIFO VIWILI VYA MKARAFUU

Sasa turudi kwenye visiwa vyetu. Mkarafuu ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia, nao uliletwa Zanzibar mapema katika karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyehimiza upandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baadaye Pemba ikashika uongozi mpaka leo. Mti ulioendesha nchi kwa muda wote huo, ukifa, si mkulima peke yake anayeshituka.

Nao ulikuwa ukifa kwa wingi. Katika miaka ya 1940 watafiti waliletwa kuuchunguza ugonjwa ambao watu waliuona kama kifo cha ghafla, na mwaka 1949 F. J. Nutman na F. M. L. Sheffield walichapisha uchunguzi wao juu ya jinsi unavyoenea shambani. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1952 na 1954, Nutman akishirikiana na F. M. Roberts alichapisha mfululizo wa maandishi ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tunayoyajua. Jambo kubwa walilolifanya ni kutenganisha. Walionyesha kwamba mikarafuu ya Zanzibar haikuwa na ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Ilikuwa na magonjwa mawili, na kila moja lilikuwa na kuvu yake.

Ugonjwa wa kwanza ni kile kifo cha ghafla chenyewe. Hushambulia hasa miti iliyokomaa, ile ambayo tayari inalisha familia. Mti ulioonekana mzima huanza kupukutisha majani na rangi yake kufifia. Kisha, kwa muda mfupi, mti mzima hunyauka tangu kileleni hadi matawi ya chini. Majani hugeuka ya kahawia na hubaki yakining'inia. Mwenye shamba huapa kwamba wiki chache zilizopita mti haukuwa na neno, naye husema kweli kwa kadiri ya macho yake. Lakini mizizi midogo inayonyonya maji huwa imekwisha kufa kabla ya jani la kwanza kunyauka. Kifo hicho ni cha ghafla kwetu sisi tunaotazama juu. Chini ya ardhi kilianza zamani. Kuvu waliyoihusisha na ugonjwa huu waliipa jina la Valsa eugeniae.

Ugonjwa wa pili ni ule wa kufa kwa matawi. Huu huanza mahali pamoja. Tawi moja hukauka ilhali mengine ni ya kijani kibichi, na mauti huteremka kidogo kidogo kufuata tawi hilo mpaka kwenye panda, kisha hungia katika tawi jengine au katika shina. Kuvu yake ni nyengine kabisa, na mlango wake wa kuingilia ni jeraha. Hapa ndipo panapotuhusu wenyewe. Jeraha hilo aghalabu hufanywa wakati wa kuchuma, pale mchumaji anayelipwa kwa pishi anapolivuta tawi kwa nguvu ili akifikie kishada cha mwisho, tawi likachanika au kuvunjika. Kila mchaniko ni mlango ulioachwa wazi katika siku za mvua.

Ona basi tofauti ilivyo kubwa. Katika ugonjwa wa matawi, ukilikata tawi chini ya mahali palipougua, ukafika kwenye mti mzima usiobadilika rangi, ukalichoma moto tawi lile, waweza kuuokoa mkarafuu na ukazaa miaka mingi ijayo. Anayeukata mti kama huo shinani ameangamiza mali ya mayatima bila ya sababu. Katika kifo cha ghafla, mti uliokwisha kunyauka wote hauponi, na dawa ya kunyunyizia majani haifiki kwenye mizizi ambako balaa limeanzia. Anayepeleka fedha za dawa kwa mti huo amenunua faraja tu.

Juu ya hayo, si kila mkarafuu uliokauka umeuliwa na kuvu. Wako mchwa, uko ukame, na uko uzee. Na huko Indonesia, kwenye asili ya mti wenyewe, upo ugonjwa uitwao wa Sumatra ambao nao hunyausha mikarafuu mikubwa kiasi kwamba mtu aliyeviona vifo vya Pemba angeapa kuwa ni ndugu mmoja. Wachunguzi walipoutafuta mzizi wake walikuta bakteria, ambayo mwaka 1990 ilipewa jina la Pseudomonas syzygii, nayo huchukuliwa kutoka mti hadi mti na wadudu wanaofyonza maji ya mti. Sura moja, wauaji wawili wa jamii mbalimbali. Kule mtu hupambana na mdudu. Kwetu, kumpiga vita mdudu yule kusingeokoa hata mkarafuu mmoja.

KUVU MOJA, MAJINA MENGI

Sura moja yaweza kuficha wauaji wawili. Kinyume chake pia hutokea: muuaji mmoja akatembea na majina mengi.

Kuvu ile ya kufa kwa matawi, Nutman na Roberts waliiita Cryptosporella eugeniae, kwa sababu siku hizo mkarafuu wenyewe ukiitwa na wataalamu kwa jina la Eugenia. Mwaka 1969 wataalamu wengine waliitazama upya kwa hadubini, wakaona imewekwa katika kabila lisilo lake, wakaihamisha na kuiita Endothia eugeniae. Hapo haikuwa zaidi ya kubadilisha kilemba.

Mbali huko, nchini Cuba, tangu mwaka 1917 ilikuwa imeandikwa kuvu nyengine iliyopatikana kwenye mikaratusi, na baadaye ikajulikana kwa kutia vidonda katika mashina ya miti hiyo kwenye mashamba makubwa ya Brazil na kwengineko. Hakuna aliyewaza kuyaunganisha mambo haya mawili. Mwaka 1986 watafiti watatu, Hodges, Alfenas na Ferreira, waliziweka kuvu hizo mbili pamoja, wakazilinganisha, wakatangaza kwamba ile ya mikarafuu na ile ya mikaratusi ni kitu kimoja. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa baadaye uliunga mkono neno lao. Mwaka 2004 ikapewa kabila jipya la Chrysoporthe, na mwaka 2010 vinasaba vikaonyesha kwamba hata huko ndani mna ndugu wawili wanaofanana: mmoja wa Amerika, na mmoja wa Asia na Afrika ya Mashariki. Ya Zanzibar iko upande wa Asia, upande ule ule ulikotoka mkarafuu.

Najua wapo watakaosema kwamba hii ni michezo ya maprofesa. Lakini tazama faida yake. Mkarafuu, mkaratusi, mpera na mzambarau ni watu wa ukoo mmoja katika elimu ya mimea. Maadamu ilidhaniwa kwamba kuvu ya mkarafuu ni ya mkarafuu pekee, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutilia shaka mkaratusi uliopandwa kando ya shamba kwa ajili ya majengo na kuni. Baada ya majina kuunganishwa, mwenye mikarafuu anajua kwamba kidonda katika shina la mkaratusi wa jirani kinastahili kutazamwa. Vilevile yote yaliyokwisha kujifunzwa Brazil na Afrika ya Kusini juu ya kuvu hii kwa gharama za makampuni makubwa ya miti, yakawa ghafla ni elimu inayomfaa mkulima wa Wete na Mkoani.

Kazi ya namna hii haiwezekani bila ya kuhifadhi vielelezo. Mwaka 1920 ilianzishwa hapa London, katika mtaa wa Kew, ofisi ya kutambua kuvu zilizokuwa zikiletwa kutoka makoloni, na hazina yake ya vielelezo vikavu imo leo katika bustani ya Kew, pamoja na nyengine, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Anayeidhania bustani hiyo kuwa ni mahali pa kutembeza watoto siku ya Jumapili tu na ajue kwamba ndani ya makabati yake mna bahasha za karatasi zenye vipande vya majani na magome ya miti, vikingojea mtu mwenye swali.

LILILOWAPATA WENYEJI WETU

Asidhani mtu kwamba makosa ya utambuzi ni ya nchi maskini. Wenyeji wetu hapa Uingereza wamelipia kosa la aina hiyo, na malipo yake yaonekana kandokando ya barabara.

Uko mti mkubwa ambao Waingereza huuita ash, mmoja wa miti iliyojaa sana katika misitu na mipaka ya mashamba yao. Tangu miaka ya 1990 miti hiyo ilianza kukauka nchini Poland, na ugonjwa ukaenea kuelekea magharibi. Mwaka 2006 mtaalamu wa Poland, Tadeusz Kowalski, aliitoa kuvu ndani ya matawi yanayokufa, akaieleza na kuipa jina. Mwaka 2009 ikadhaniwa kwamba kuvu hiyo ni sura nyengine tu ya kuvu ya kale ya Ulaya, Hymenoscyphus albidus, inayojulikana tangu karne ya 19, ambayo huota juu ya majani ya ash yaliyoanguka na haijapata kumdhuru mtu wala mti.

Dhana hiyo ilikuwa na matokeo. Katika mwaka huo huo wa 2009 wauzaji wa miche walitaka miche ya ash kutoka nje izuiliwe, lakini hoja ilikwama, kwa kuwa huwezi kumzuia mlangoni mtu aliyekwisha kuandikwa kuwa ni mwenyeji wa nyumba. Kisha vinasaba vikasema neno lao: kuvu iuayo si ile ya kale. Ni pacha wake kwa sura, mgeni kutoka Asia ya Mashariki, ambako huishi juu ya miti ya ash ya huko bila ya kuidhuru sana. Leo inaitwa Hymenoscyphus fraxineus. Elimu hiyo ilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Februari 2012 ugonjwa uligunduliwa katika kitalu cha Buckinghamshire, katika miche iliyoagizwa kutoka Uholanzi. Oktoba ukaonekana katika misitu ya Norfolk na Suffolk. Na mwisho wa mwezi huo miche kutoka nje ikapigwa marufuku. Spora nazo huruka na upepo na hazingoji marufuku. Wataalamu wa misitu wanakadiria kwamba miti ya ash hadi 80 katika kila 100 huenda ikafa.

Mwenye watoto anaweza kuwaonyesha jambo hili. Katika miezi ya kiangazi, chini ya miti ya ash, vijiti vya majani ya mwaka uliopita vilivyoanguka huwa na vikombe vidogo vyeupe, vyembamba, vilivyosimama juu ya vikonyo. Hivyo ndivyo vinavyorusha spora. Kwenye shina la mche mgonjwa mtaona kidonda chenye umbo la almasi, mahali tawi linapoungana na shina. Ni dalili za kutazamwa tu, si za kuchukuliwa nyumbani.

TUFANYE NINI SISI TULIO MBALI

La kwanza ni kuuliza vizuri. Anapopiga simu mtu wa nyumbani, tumwombe atujibu haya: Je, ukavu umeanzia tawi moja au mti mzima? Majani yamepukutika au yamebaki juu ya mti? Mti ni mkongwe, umekomaa, au ni mche? Iliyokauka imekaa pamoja au imetawanyika shambani? Je, shinani pana tundu za mchwa au matawi yaliyochanika wakati wa kuchuma? Siku hizi simu hupiga picha. Na zipigwe tatu: mti mzima kutoka mbali, mpaka baina ya palipokufa na palipo hai, na shina pamoja na ardhi yake.

La pili ni kuwapelekea wenye ujuzi kielelezo, na wako huko huko nyumbani. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar ina makao yake Kizimbani, Unguja, na mabwana na mabibi shamba wako Unguja na Pemba. Kielelezo kisichukuliwe kutoka kwenye tawi lililokauka kitambo, kwani humo kunguru wamekwisha kufika. Kikatwe pale pale mpakani, nusu kiwe hai na nusu kimekufa, maana hapo ndipo kuvu yenye makosa iko kazini. Ikiwa mti umenyauka wote, ichukuliwe mizizi midogo pamoja na udongo wake. Kifungwe katika karatasi, kisifungwe katika mfuko wa plastiki ambamo kitatoa jasho na kuoza, kiandikwe jina la shamba na tarehe, kisiachwe juani, na kifikishwe siku hiyo au ya pili yake. Nauli ya kijana wa kukipeleka ni ndogo kuliko bei ya chupa moja ya dawa isiyohitajiwa. Kisu au msumeno uliotumika usafishwe kabla ya kugusa mti mwengine. Na kabla ya mkarafuu wowote kukatwa shinani, watu wa kilimo wapate kwanza kuutazama na kutoa ruhusa.

La tatu ni mapatano na wachumaji. Anayetuma fedha za msimu ana haki ya kuweka sharti: tawi lisivunjwe. Pishi mbili zaidi za leo zisinunuliwe kwa tawi lililokuwa lizae miaka ishirini.

La nne linahusu mabegi yetu. Tunapokwenda na kurudi, wengi wetu hupenda kuchukua mche wa mkarafuu, kipande cha mgomba, au udongo kidogo wa nyumbani. Nia ni njema, lakini kuvu husafiri na wenye nia njema kama inavyosafiri na wengine. Mwaka 2013 ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, katika shamba kubwa la ndizi, kuvu ya aina ya Fusarium ambayo wataalamu huiita TR4, iliyokuwa imekwisha kuangamiza migomba huko Asia. Huishi ardhini kwa miaka mingi hata migomba ikishang'olewa, huhama ndani ya machipukizi ya mgomba yenye sura ya afya njema, na husafiri katika tope lililoganda kwenye soli ya kiatu. Msumbiji si mbali na kwetu. Basi viatu vya shamba vioshwe mpaka tope lote litoke kabla ya kufungwa safari, na mche usibebwe bila ya cheti cha afya ya mimea, ambacho sheria ya hapa Uingereza hukidai pia. Mwenye hamu ya harufu ya nyumbani na achukue karafuu kavu, iliyoanikwa juani juu ya jamvi mpaka ikawa ngumu. Harufu yake ni ile ile, wala haina hatari ya mche.

Wassalaam.